Honi Ikinyamaza, Pita

Kaa vizuri kwanza, maana hii hutaiamini. Kuna mwalimu alisimama ndani ya korongo, maji yanampanda miguuni, mkononi kashika funguo za chumba chake tu, na hizo funguo ndizo zilikuwa zinawazuia watoto wasife. Sio kamba wala boya. Funguo za kitasa cha kawaida, zina kishikizo cha plastiki cha njano. Sikiliza ilivyokuwa.

Mwalimu mwenyewe anaitwa Hana. Mtoto wa mjini Dodoma, chuo kamaliza, ajira zikawa hazitoki, akaamua kwenda kujitolea shule moja ya msingi huko chini ya milima ya Kibakwe. Alifika na begi la nguo na boksi la plastiki. Begi hakuna aliyelijali. Boksi ndilo lilileta maneno, maana ndani mlikuwa na vibodi vya kujifunzia kompyuta, sio vile vya kuchapia herufi, hivi ni vibao vidogo unavificha kiganjani, vina vitaa vyekundu usoni, na nyaya za rangi rangi. Mradi fulani uliwafundisha walimu, mradi ukaisha, boksi likabaki kwake.

Jumamosi akawa anakaa na watoto na laptop yake ambayo bila chaja haiwaki. Hakuna kuandika programu ngumu. Unaburuta vipande vya rangi kwenye skrini, unavipachika kimoja chini ya kingine kama unapanga matofali: KAMA kitu fulani, FANYA kitu fulani. Unatuma kwenye kibodi, kibodi kinatii. Siku ya kwanza walifanya vitaa vichore moyo, na darasa zima, lile darasa la kelele, likarundikana kwenye dawati moja kuuangalia.

Sasa pale kuna korongo. Ukiliona kiangazi utacheka, mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Lakini mvua ikinyesha juu milimani, huku chini jua linawaka, hakuna hata tone, maji yanashuka ghafla yanabeba mpaka magogo. Na watoto wengine wanakaa ng'ambo. Kwa hiyo miaka yote wazazi walikuwa na zamu. Mvua zikianza, mzazi mmoja anakaa kwenye kona ya juu ya korongo na kipande cha bati na nyundo. Akiona maji anagonga, watoto kule kivukoni wanasimama. Waliiita zamu ya bati, na hakuna aliyeipenda, maana ndio msimu wenyewe wa kulima.

Wazo la honi lilitoka kwa Anitha wa darasa la sita, kasichana kembamba ambako kakikuuliza swali lazima ukae chini.

"Madam, si misumari miwili tu?" alisema. "Maji yakigusa yote miwili umeme unapita. Kibodi kinasoma namba. Namba ikiwa kubwa, honi inalia."

"Honi tunatoa wapi?"

"Pikipiki ya baba imekufa. Honi yake haijafa."

Wakachimbia bomba la chuma mchangani pale konani, misumari miwili usawa wa goti juu ya kipande cha mpira isiguse chuma, juu kabisa kopo lenye kibodi na betri, na honi ya marehemu pikipiki. Wakajaribu kwa ndoo ya maji ya kisima cha shule. Namba ikaruka mpaka mia nane na kitu, honi ikalia, njiwa wote wakahama.

Shida ikaletwa na ng'ombe. Maji ya kile kisima, kama visima vingi vya huku kwetu, yana chumvi. Sabuni haitoi povu, sufuria zinaota ukoko mweupe. Baada ya kumwagiwa ndoo kila siku ya majaribio, misumari nayo ikaota chumvi, na ng'ombe wakagundua. Ng'ombe akipita anaweka ulimi pale, honi inamlilia kichwani, anakurupuka. Mmoja akakurupukia shamba la mahindi la Mwalimu Mkuu, mzee Mazengo.

"Mwalimu Hana," Mazengo akasema ofisini, walimu wote wanasikia, "hiyo honi yako inatangaza mafuriko au inatangaza ng'ombe wakila?"

"Tutarekebisha, Mwalimu Mkuu."

"Rekebisha. Na ikianza inalia mpaka betri ife. Mke wangu anasema anaisikia hadi ndotoni."

Wakarekebisha, tena vizuri mno. Wakamshika ng'ombe mmoja pembe, Anitha akamgusisha misumari ulimini, wakasoma namba: mia nne themanini. Basi wakapachika kipande kinachosema KAMA namba imezidi mia sita, honi ilie. Yaani juu ya ulimi wa ng'ombe, chini ya maji ya kisima. Halafu Anitha akaongeza kipande kingine chini yake: VINGINEVYO, honi inyamaze. Wakaleta ndoo, honi ikalia. Wakaiondoa, ikanyamaza. Safi.

Hana akawafundisha shule nzima mstarini. Ikilia, simama. Ikinyamaza, pita. Watoto wa darasa la kwanza wakayageuza maneno hayo kuwa wimbo, wanauimba hadi kwenye foleni ya uji.

Kwenye kikao cha wazazi mama mmoja akasimama. Anaitwa Elieth, mtoto wake Seth alikuwa darasa la kwanza, yule mwenye begi kubwa kuliko mgongo.

"Mwalimu, mimi mambo ya kompyuta sijui. Niambie tu. Seth akivuka bila mtu wa bati, mimi huko shambani natulia?"

"Unatulia, mama," Hana akamjibu. "Honi haisinzii, haiendi kilabuni."

Wakacheka wote, hasa wanawake, maana zamu za wanaume fulani zilikuwa zinajulikana zinaishia wapi. Siku hiyo hiyo zamu ya bati ikafutwa.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Alfajiri kulikuwa na kamvua kadogo, ndoo iliyowekwa chini ya bati la darasa ikajaa. Mchana jua kali. Watoto wa ng'ambo wakaruhusiwa, Anitha mbele, wadogo nyuma yake, kama kawaida. Hana akabaki darasani anaandaa kibodi cha akiba kwa ajili ya Jumamosi. Akaunga misumari, na kwa uvivu tu wa kwenda kisimani akaitumbukiza kwenye ile ndoo ya mvua.

Vitaa vikaandika: 240.

Akadhani misumari ina kutu. Akaisugua. 240. Akabadilisha waya, akabadilisha kibodi. 236. Akachota maji kwa kiganja akaonja, hata yeye hajui kwa nini.

Yalikuwa matamu. Chumvi hakuna kabisa.

Alisimama pale maji yako mdomoni hajayameza. Ikamjia yote kwa pamoja. Maji ya mvua hayapitishi umeme kama maji ya kisima. Korongo likijaa halijai maji ya kisima, linajaa mvua. Wametengeneza honi inayoyajua maji ya chumvi tu, wameijaribu na maji ya chumvi tu, na wakaipandisha namba juu zaidi kwa ajili ya ulimi wa ng'ombe. Maji yenyewe yakija, honi itakaa kimya. Na kimya, kwa wale watoto, maana yake pita.

Akatoka nje mbio. Juu ya Kibakwe wingu lilikuwa jeusi ti, limekaa huko tangu saa ngapi hakuna aliyeangalia. Uangalie nini wakati honi ipo?

Akampigia Mazengo. Yuko Mpwapwa kikaoni, hapatikani. Akaitia simu mfukoni akakimbia, viatu akaviacha getini.

Kwenye mashine ya kusaga njia inagawanyika. Kushoto ni kivukoni, mbali. Kulia ni konani, karibu. Pale ndipo alipousikia mvumo, ule wa lori lililobeba likipanda mlima, ila hakuna barabara upande ule. Kivukoni hafiki. Hesabu haikuhitaji kalamu. Lakini konani anafika, na konani kuna honi, na kama maji hayawezi kuiliza, chuma kitailiza.

Akateleza ukingoni kwa makalio, akaanguka mchangani, akainuka. Mchanga bado mkavu, wa moto. Akatoa funguo mfukoni akazikandamiza kwenye misumari, moja huku, moja huku.

Honi ikalia.

Ikalia juu ya kichwa chake mpaka meno yakamcheza. Akawa analia na yeye, anacheka, hajui lipi ni lipi. Wamesikia. Lazima wamesikia. Wamesimama.

Akajaribu kuzifunga zile funguo kwa mtandio ili atoke. Zikateleza, honi ikakatika. Akazirudisha haraka kwa mkono. Akajaribu tena, zikateleza tena. Misumari ilikuwa mifupi, walikuwa wameikata wenyewe ili isiwachome ng'ombe.

Halafu maji yakafika. Kwanza povu la kahawia na vijiti na mavi ya mbuzi, kifundoni, kama yana ustaarabu. Kisha gotini, na hapo hakukuwa na ustaarabu tena. Misumari ikazama. Hana akajiambia labda. Labda haya yana tope, labda tope linasaidia. Akanyanyua funguo kidogo tu.

Kimya. Juu kwenye kopo vitaa vikaandika: 290.

Akazirudisha, honi ikaendelea.

Hapa naomba unielewe, maana ndipo kila mtu anapopotea. Maji yakiwa yamempita Hana konani, kule kivukoni bado ni kukavu. Yana mwendo wa kufika. Yakishafika watoto watayaona kwa macho yao, hakuna atakayekanyaga. Hatari yote iko kwenye huo mwanya wa katikati, wanaona mchanga mkavu na kitu pekee kinachowaambia wasubiri ni honi. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa moja, ashikilie mpaka maji yafike kule. Na kona inaficha kivuko. Haoni chochote. Ataendelea kushikilia kitu asichojua kimeshaisha au bado.

Maji yakafika mapajani. Akalikumbatia bomba kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko chini ya maji umekandamiza. Gogo likampiga nyongani. Hakuachia. Alikuwa anahesabu kwa sauti bila kujua anahesabu nini.

Akainua macho ukingoni, akamwona Anitha.

Huyu mtoto alitoka kivukoni mbio akafuata ukingo mpaka hapa. Alieleza baadaye, kwa ile sauti yake ya kujibu swali darasani: "Madam, honi ilikatika ikarudi, ikakatika ikarudi. Maji hayafanyi hivyo. Nikajua kuna mkono wa mtu." Akawaambia wenzake wakae pale pale, ikilia msivuke, akaja kumtafuta mwenye mkono.

Sasa anapiga kelele. Hana anaona mdomo tu unafunguka, honi imemziba masikio. Labda anasema wote wako salama. Labda anasema kuna aliyeingia. Hana akampungia aondoke, arudi nyuma. Lakini ukiwa umejibana kwenye bomba, na mkono wa kushoto ndio huo huo unaokushikilia, unapunga vidole tu, kiganja chini, na huku kwetu vidole vikipungwa hivyo maana yake njoo.

Anitha akaona anaitwa. Akaingia.

"Hapana," Hana akasema. Yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Hatua ya kwanza maji yalimfika kiunoni. Ya pili hakukuwa na hatua. Akadondoka ubavu, akaibuka, sare ya bluu imejaa hewa mgongoni, anakuja usawa wa bomba lakini mbali kidogo, mbali kuliko mkono wa mtu aliyejifunga mahali pamoja.

Ukimshika mmoja unaachia mwingine. Mbele yake kuna mtoto mmoja anayemwona kwa macho. Nyuma ya kona kuna watoto wanane wadogo asiowaona, aliowafundisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mstarini, kwamba honi ikinyamaza, pita.

Hana akaachia.

Funguo zikaenda. Akajirusha akamkamata Anitha kwa kola, maji yakawazungusha wote wawili, goti lake likagonga jiwe, akakanyaga, akasukuma, akamrusha mtoto ukingoni kama mtu anayerusha gunia. Na yeye akashika mizizi akapanda kwa viwiko.

Na hapo akasikia.

Honi ilikuwa imekufa kwa hiyo aliweza kusikia. Kutoka nyuma ya kona, upande wa kivukoni, zilikuja sauti za watoto wadogo. Walikuwa wanashangilia. Wamesubiri kwenye jua, na sasa wameruhusiwa. Wanaimba ule wimbo wao.

Hana akapiga ukelele. Haukutoka ukelele, ilitoka hewa. Akainuka akakimbia ukingoni, goti halikunji, Anitha akampita, anapiga kelele rudini, rudini. Walipoizunguka kona maji yalikuwa yameshafika. Wengine walikuwa wametawanyika kwenye mchanga wanarudi kwa magoti. Wakubwa kidogo wanawavuta wadogo kwa mikono, kwa nguo, kwa chochote.

Walitoka saba.

Seth alipatikana chini kabisa ya korongo. Mgunga uliokuwa umeangukia majini ulimnasa, tawi likapita kwenye mkanda wa lile begi lake kubwa, akaning'inia hapo kichwa juu ya maji. Wachunga mbuzi wawili ndio walimtoa. Mkono umevunjika mara mbili, tumboni mchanga, lakini anapumua. Wakampakia kwenye bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma, yeye katikati, hadi hospitali.

Mama yake alimkuta Hana amekaa kwenye benchi la nje, nguo zimemkaukia tope, na Anitha kamlalia begani. Elieth alitoka shambani moja kwa moja, udongo mpaka magotini. Aliingia kumwona mtoto, akakaa huko, akatoka. Hana akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mguu umevimba huo."

Hana hakukaa.

"Nimesikia ulivyomtoa Anitha," Elieth akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nikuulize. Ulipoachia hiyo honi, ulijua Seth yuko wapi?"

"Sikujua."

"Ulijua kwamba ikinyamaza wanavuka."

"Nilijua. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Elieth akawa anajikwangua udongo mguuni kwa kucha, taratibu. Sauti hakuipandisha, na Hana aliwahi kusema afadhali angeipandisha, afadhali angempiga.

"Na huyu," akamwonyesha Anitha kwa kidevu, "ungemwacha, angekufa."

"Angekufa."

"Mbele yako."

"Ndiyo."

"Wangu alikuwa nyuma ya kona."

Ndani, Seth akaanza kulia, wanamnyoosha mkono. Elieth akasikiliza kidogo, akaufuta uso kwa khanga.

"Mimi nimekaa kule ndani najaribu kukulaani," akasema. "Nikifika kwa mama yake Anitha nakwama. Naanza tena mwanzo, nakwama pale pale." Akarudi kwa mtoto wake, mlango akauacha wazi.

Zamu ya bati imerudi. Kibodi cha konani kilikwenda na maji, bomba bado limesimama, limepinda. Vingine viko kwenye boksi chini ya kitanda cha Hana, na Jumamosi inapofika watoto wanakuja wanakaa nje ya chumba chake, hawagongi, wanasubiri tu. Hajawafungulia bado. Anitha peke yake ndiye huongea, kupitia dirishani: "Madam, tukiweka namba mia mbili halafu tukafunga wavu ng'ombe wasirambe, si itafanya kazi?" Na itafanya kazi. Hana anajua itafanya kazi. Kinachomfunga kitandani sio hiyo namba, ni ile sauti ya watoto wakishangilia nyuma ya kona.

Kijijini wamegawanyika. Wapo wanaosema alifanya sawa, wapo wanaosema mmoja hawezi kuzidi wanane, na wote wanasema wakiwa wamekaa pakavu. Basi na wewe niambie, ila usijibu haraka. Maji yako mapajani, funguo ziko mkononi, mtoto mmoja anapita mbele ya macho yako na wengine wanane huwaoni. Wewe ungeshikilia, au ungeachia?